Mtama hufugwa? Na punje huitwa mbegu lini?

SWALI: Mwanafunzi wangu aliandika hivi katika insha ya maonyesho ya sayansi: "Wakulima wa kale walifuga mtama wa mwitu mpaka mbegu zake zikakua kubwa." Mwenzangu wa Kiswahili alipiga mstari mwekundu chini ya "walifuga" na "mbegu". Mimi nafundisha Kilimo na sikuona kosa. Tuamulie. – Mwalimu, Kayole, Nairobi

JIBU: Mwalimu, nianze na hiyo mbegu, maana ilinipeleka hadi Nyamakima Jumamosi iliyopita. Nilisimama mbele ya gunia la mahindi, nikachota ujazo wa kiganja, nikamuuliza mama mwenye duka, "Mbegu hizi gorogoro ni pesa ngapi?" Akanitazama. "Mbegu nenda agroveti, baba. Haya ni ya kula."

Hakuhitaji kamusi. Nilichoshika kilikuwa punje. Punje hupukuchuliwa kutoka kwenye gunzi, hupimwa, husagwa, hupikwa githeri. Siku utakapoitenga ili uipande mvua zikianza, hiyo hiyo ndiyo mbegu. Kitu ni kimoja; jina linafuata nia ya aliyekishika.

Mwenzako basi ana hoja: anayeeleza ukubwa wa kinachovunwa aandike "punje". Hata hivyo, simlaumu sana mwanafunzi, kwa sababu ukubwa anaouzungumzia ulipatikana hasa pale punje ilipogeuzwa mbegu. Punje kubwa ina akiba zaidi ya chakula ndani yake, kwa hiyo mche wake una nguvu ya kuchomoza hata ukifukiwa chini kidogo na jembe. Mche huo ndio ulioota, ukazaa, ukavunwa, ukapandwa tena.

Linalonisumbua mimi ni neno ambalo mwenzako aliliacha: "zikakua". Kukua ni kwa kiumbe mmoja. Mtoto hukua, mche hukua. Hakuna punje ya mtama iliyokua kwa miaka elfu moja. Kilichobadilika ni shamba: mimea yenye jeni (maelekezo ya urithi ndani ya chembe) za punje kubwa ilizidi kuwa mingi, ile ya punje ndogo ikapungua. Aandike "zikazidi kuwa kubwa kizazi baada ya kizazi", na hapo sayansi yake itakuwa imenyooka pamoja na Kiswahili chake. (Na ni jeni hii, jeni hizi. "Majeni" nayasikia kila siku redioni, na kila siku yananiumiza.)

Amwepuke pia anayesema "jeni ya kuongeza ukubwa". Kwenye mpunga, jeni iitwayo GW2, iliyoelezwa na watafiti mwaka 2007, kazi yake ni kuubana upana wa punje. Iliyoharibika haibani, na punje hupanuka. Nyingine, GS3, hubana urefu vivyo hivyo. Kwa hiyo mara nyingine punje kubwa ni matokeo ya lijamu iliyolegea, wala si nguvu mpya iliyoongezwa. Tena kwa kawaida ukubwa hautokani na jeni moja. Ni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo.

Sasa "walifuga". Tunafuga ng'ombe, kuku, nyuki. Tunafuga hata ndevu na kucha. Mmea, kwa sikio la Mswahili, hupandwa na hulimwa. Lakini "kulima" hakutoshi hapa, kwa kuwa unaweza kulima mmea wa mwitu miaka na miaka nao ukabaki wa mwitu. Mtama wa mwitu ukikomaa hupukutisha punje zake chini, na hivyo ndivyo unavyojipanda. Wa shambani huzing'ang'ania kwenye suke mpaka uupure. Mahindi ndiyo yamefika mbali zaidi. Jina lao linatuelekeza Uhindi, ilhali yalitokana na nyasi ya Meksiko iitwayo teosinte, kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Suke la teosinte lina punje zisizozidi kumi na kitu, kila moja ndani ya ganda gumu. Gunzi la leo lina mamia, ziko wazi, na likianguka na majani yake hakuna wa kuzitawanya. Miche huota imesongamana na kuuana.

Mmea wa namna hiyo umefugika. Ndilo neno ninalompendekezea mwanafunzi wako, na nalipenda kwa sababu ya hicho kiambishi -ik-. "Walifuga" linadai kwamba wakulima walikusudia tangu mwanzo. "Ulifugika" linaeleza kilichotokea mikononi mwao walipokuwa wakivuna na kupanda tu, msimu hadi msimu. Mtama ulifugika hivyo mashariki mwa Sudan, takriban miaka 5,000 iliyopita.

Sentensi yake ningeiandika hivi: "Mtama wa mwitu ulifugika mikononi mwa wakulima wa kale, na punje zake zikazidi kuwa kubwa kizazi baada ya kizazi."