Maswali yenu: amri haijulikani, sudo, na faili la kwenye flashi

Wiki hii wengi mmeuliza juu ya firebase-tools, programu ya kupandisha tovuti kwa amri. Nimechagua haya.

Nimesakinisha bila kosa, lakini nikiandika `firebase` naambiwa amri haijulikani. (Mwanafunzi, Malimbe)

Swali hili linarudi kila mara. Funga terminali, fungua mpya, jaribu tena. Ikigoma, andika `npm config get prefix` (npm ndiyo programu ya kusakinisha vifurushi, uliyoitumia kuweka firebase-tools). Utatajiwa folda: kwenye Windows amri zimo humo humo, kwenye Linux na Mac zimo kwenye `bin` iliyo ndani yake. Hiyo ndiyo uiingize kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri. Na jamani, mkiniandikia "imekataa" tu siwezi kuwasaidia. Nileteeni ujumbe wa kosa wote kama ulivyo.

Natumia Ubuntu. npm ilileta EACCES, jamaa wa kwenye grupu akasema niweke sudo mbele, ikakubali. Kuna ubaya? (Fundi, Buhongwa)

Upo, kaka, na ni mkubwa. EACCES ilikuwa inakwambia npm inataka kuandika kwenye folda ya mfumo ambayo si yako. Kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, umeiruhusu iguse kila kitu. Kifurushi cha npm kinaweza kuendesha skripti zake wakati kinasakinishwa, na firebase-tools inavuta mamia ya vifurushi vya watu wengine. Oktoba 2021 akaunti ya mwenye kifurushi cha ua-parser-js ilitekwa, yakatoka matoleo 3 yenye programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, na kwenye Windows ya kuiba nywila pia. Watu walisakinisha wakiamini ni kile kile cha siku zote. Toa ulichoweka: `sudo npm uninstall -g firebase-tools`. Kisha weka Node (programu ya kuendesha JavaScript, npm huja nayo) kwa kutumia nvm, chombo cha kusakinisha Node, inakaa ndani ya folda yako mwenyewe na sudo haihitajiki tena. Amri ya kwenye grupu usiibandike kabla hujajua inafanya nini.

Lazima Node iwepo kwanza? (Igoma)

Kwa njia ya npm, ndiyo.

Bando langu dogo. Rafiki ana faili la Node la Windows kwenye flashi, nichukue? (Ukerewe)

Chukua, ila usilifungue kwanza. Andika `certutil -hashfile`, jina la faili, halafu `SHA256`. Utapata alama ya kutambulisha faili hilo. Linganisha herufi na tarakimu zake zote 64 na zile za toleo hilo kwenye SHASUMS256.txt ya nodejs.org (tovuti rasmi ya Node), ukurasa mwepesi usiomaliza bando. Ikitofautiana hata moja, futa.

Nimeshaingia kwa `firebase login`. Sasa nipandishe tu? (Kirumba)

Subiri, dada. Andika `firebase use` uone uko kwenye mradi upi. Niliwahi kupandisha nikidhani niko kwenye majaribio, kumbe ni tovuti ya mteja wangu anayeuza dagaa hapo Mwaloni. Ndoo ikasomeka shilingi 100, namba niliyoiweka ya kujazia. Hadi narudisha toleo la zamani, wanunuzi wawili walishampigia wakidai bei hiyo, na aliyebaki kujieleza ni yeye. Anza na `firebase hosting:channel:deploy majaribio`: unapata kiungo cha muda, siku 7 usipobadilisha, na tovuti halisi haiguswi. Na kama kompyuta ni ya ofisini au ya steshenari, usiondoke kabla ya `firebase logout`.