Dai la bima likikataliwa, usikimbilie rufaa

Ninasimamia akaunti za wagonjwa katika ofisi ya kairopraktika, yaani tiba ya uti wa mgongo kwa mikono, hapa Marekani. Mfanyakazi mpya akija, somo la kwanza ninalompa ni kusoma herufi mbili kwenye taarifa ya malipo ya bima. PR maana yake deni ni la mgonjwa: PR-1 ni kile kiasi anachopaswa kukimaliza mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, PR-3 ni mchango wake wa kila ziara. CO maana yake pesa hiyo mgonjwa hadaiwi. Ukiihamishia kwenye akaunti yake, umemtoza mtu asiye na deni, na mara nyingi ni mzee ambaye ataona haya kuuliza, atalipa tu. Jambo hili huniumiza sana.

Ukiona CO-16, kuna taarifa iliyokosekana au yenye kasoro. Sahihisha, tuma upya. Rufaa ya nini hapo?

CO-50 ndiyo yenye kazi. Bima inasema tiba haikuwa ya lazima. Medicare, bima ya serikali ambayo zaidi ni ya wazee, humlipa daktari wa kairopraktika huduma moja tu, kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, na namba ya huduma hufuata sehemu za uti zilizotibiwa: 98940 kwa sehemu moja au mbili, 98941 kwa tatu au nne, 98942 kwa zote tano. Lazima namba iambatane na alama ya AT, kuonyesha kwamba mgonjwa bado anatibiwa ili apate nafuu. Lakini AT peke yake haitoshi bila maelezo ya daktari. Medicare inataka kuona maumivu, viungo kutolingana, mwendo wa kiungo na hali ya misuli. Angalau mawili kati ya hayo manne, na moja lazima liwe kutolingana au mwendo.

Kwa hiyo "mgonjwa anaendelea vizuri" ni sentensi ya kushindwa. Linganisha na hii: "Alipoanza tiba aligeuza shingo kulia digrii 40, akashindwa kutazama nyuma anaporudisha gari, leo amefika 55, lengo ni 70." Mkaguzi akisoma hivyo anamwona mtu anayepona. Barua yangu ya rufaa haivuki ukurasa mmoja: tarehe ya huduma, namba, sababu waliyotoa, kisha sentensi kama hiyo ikiambatana na kurasa za faili zenye saini ya daktari. Kulalamika hakuna faida.

Muda nao hausubiri. Rufaa ya kwanza ya Medicare ina siku 120 tangu upokee uamuzi, ya pili 180. Bima nyingi za kazini hutoa siku 180. Dai likiwa kwenye rufaa, weka alama kwenye akaunti ili mgonjwa asitumiwe bili.

Daktari akiona nafuu imefika kikomo na mgonjwa bado anataka kuja, mpe fomu ya CMS-R-131, inayomwonya kwamba huenda Medicare isilipe, kabla hajalala kitandani, gharama ikiwa imeandikwa, na dai likitumwa liende na alama ya GA, kuonyesha kwamba fomu hiyo ipo. Fomu ina chaguo tatu: atibiwe na Medicare iulizwe, atibiwe alipe mwenyewe bila kuiuliza, au asitibiwe. Kwa wazee wetu wasiojua Kiingereza, soma zote tatu kwa lugha yao, polepole, halafu achague mwenyewe, asichaguliwe na mtoto aliyemleta.