Ukisema "mpaka tarehe 31", ya 31 imo au haimo?

Kama unajitengenezea programu ya imeli, usidharau sehemu ya kutafuta kwa tarehe, mi ilinitoa jasho. Nilijiandikia kaprogramu ka kusoma imeli, dada wa uhasibu pale ofisini akakapenda nikamwekea na yeye, wiki haijaisha akanijia, "Kaka, risiti za tarehe 31 Machi umezipeleka wapi?" Zilikuwepo. Shida ni kwamba nilikuwa nimefuata IMAP (kanuni ambazo programu inazitumia kuongea na seva ya imeli) kama ilivyo, na kule SINCE, yaani "tangu", inahesabu siku uliyoitaja ila BEFORE, yaani "kabla ya", haihesabu, kwa hiyo yeye kaandika before:2025-03-31 akiwa na maana yake ya kawaida kabisa ya "mpaka", programu ikamkatia siku ya mwisho. Na siku ya mwisho wa mwezi ndo risiti zote zinamiminika!

Nikahamia mtindo wa notmuch, programu ya kutafuta imeli, wa nukta mbili: date:2025-03-01..2025-03-31. Uzuri wake upande wa kushoto unarudi hadi mwanzo wa siku, wa kulia unasogea hadi mwisho wa siku. Ukiandika 2025-03..2025-03 unapata Machi nzima, hakuna kuhesabu kama mwezi una 30 au 31. Ukiacha upande mmoja wazi nayo inaeleweka.

Mambo ya 03/04/2025 nimeyakataa kabisa. Kwetu hiyo ni tarehe 3 Aprili, Mmarekani anasoma Machi 4, na programu ikibahatisha inakuletea majibu yasiyo yenyewe na wala hushtuki. Mwaka kwanza, basi, watu walinung'unika siku mbili wakazoea.

Halafu saa. Imeli iliyoingia saa saba na nusu usiku tarehe 1 kwa saa za huku, kwa UTC (saa za kimataifa, ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu) bado ni saa nne na nusu usiku ya jana yake, yaani mwezi uliopita. Tafuta kwa saa za anayetafuta, sio za seva. Hata neno "jana" amua mapema ni masaa 24 yaliyopita au ni jana yenyewe tangu usiku wa manane, mi nilichagua ya pili sababu ndo watu wanavyoongea.

Kuna jamaa bado anaandika tarehe kinyume, ya mwisho kushoto ya mwanzo kulia. Zamani alikuwa anapata ukurasa mtupu anadhani imeli zimefutwa, sasa hivi inamwambia tu: umezigeuza.