Sauti za Kuokota Ndani ya Wimbo wa Kutunga

SWALI: Mhariri, mimi hutunga nyimbo kwa gitaa, na siku hizi hurekodi kwa simu sauti ninazokutana nazo: cherehani, lango linalokwaruza, mvua juu ya bati. Nikiziingiza katika wimbo husikika kama pambo lililobandikwa. Aidha, jukwaani mimi na mwenzangu mpiga zumari hupenda kubuni papo kwa papo, lakini wasikilizaji hupotea, na wimbo nao hupotea. Je, mambo haya matatu yanaweza kukaa pamoja?

JIBU: Yanaweza, ila unaanzia mwisho. Wimbo unaukamilisha kwanza, ndipo unazialika sauti, na mgeni anayefika karamu imekwisha hapati pa kukaa. Anza na sauti yenyewe, gitaa likiwa kando.

Isikilize cherehani hadi uijue. Utabaini kwamba mguu wa fundi unapolegea, mapigo hupungua kasi kabla ya kukoma. Usiyanyooshe kwa programu ili yalingane na mdundo uliokwisha kuuamua; tunga ubeti unaokwenda kwa mwendo wa mshono, na pale mashine inapolegea, mshororo wa mwisho nao ulegee. Hata friji ina la kukupa: penye umeme wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), mngurumo wake husikika zaidi karibu na hezi 50 au 100, yaani juu kidogo ya noti ya G. Ukizikaza nyuzi za gitaa kwa takriban theluthi moja ya nusu toni, friji inakuwa besi yako.

Njia hii ina wazee wake. Mwaka 1944, jijini Cairo, mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zari, yaani ngoma ya kupunga pepo, kwa mashine iliyonasa sauti kwenye waya, kisha akaibadilisha rekodi hiyo studioni mpaka ikawa utunzi mpya. Mwaka 1948, jijini Paris, mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer akatunga kwa sauti za treni. Schaeffer alitaka msikilizaji aisahau treni na kusikia umbo la sauti tupu. Kwa maoni yangu, mtunzi mwenye maneno ya kuimba asimfuate hapo, kwa sababu nguvu ya lango lako ni kwamba kila mtu anatambua kuwa ni lango. Kosa ni kulisikizisha palepale unapoimba kwamba fulani ameondoka, kwani maneno na sauti zitakuwa zinasema jambo moja mara mbili. Liache likwaruze baada ya kiitikio, wakati mwimbaji amenyamaza, na lile ambalo ubeti haukulitaja litajulikana.

Ama kuhusu kubuni papo kwa papo, wako wanamuziki waliojenga kazi nzima juu yake bila wimbo wowote, kama kundi la AMM lililoanzishwa London mwaka 1965. Ninyi lakini mna wimbo wa kuurudia, na msikilizaji anahitaji kujua kwamba mtaurudia. Maneno na kiitikio visiguswe. Fungueni nafasi moja tu, tuseme baada ya ubeti wa pili, na muda wake upimwe na rekodi ya mvua mliyoikata kwa urefu mnaoutaka. Mvua inapoanza, zumari iko huru. Mvua inapokatika, mnaimba, hata kama mpuliza zumari alikuwa katikati ya wazo zuri (atalalamika, mwacheni alalamike). Katika onyesho lenyewe hadhira huanza kuitambua ishara hiyo, na kubuni kwenu huwa na mvutano, maana kila mtu anajua kuna kikomo ingawa hajui kitafika lini.

Kwa upande wa vifaa, simu nyingi hupandisha na kushusha kiwango cha sauti bila kuambiwa, jambo linaloua tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima mpango huo, na uhifadhi rekodi katika muundo wa WAV, ambao kwa kawaida hauipunguzi sauti ili faili liwe dogo. Kinga maikrofoni dhidi ya upepo. Ngurumo zisizotakiwa zilizo chini ya hezi 80 unaweza kuzichuja, isipokuwa kama friji ndiyo besi. Na rekodi ikinasa mazungumzo ya watu, waombe ruhusa kabla hujaupeleka wimbo hadharani.