Shangazi, mke wangu anasema safari ijayo atapanda treni

*Shikamoo Shangazi. Naishi Tabora, mke wangu kwao ni Ujiji. Sikukuu iliyopita tulikwenda kwa gari letu pamoja na binti yetu wa miaka mitatu. Tulisimama mara tisa! Mara mkojo, mara maji, mara kaona mbuzi. Giza lilipotukuta Uvinza nikafoka, mtoto akalia mpaka kwa bibi yake. Sasa mke anasema safari ijayo watapanda treni wawili tu, mimi nibaki na gari langu. Nimekosea wapi? Baba wa Mmoja.*

Marahaba, baba. Hebu niambie kwanza, ulikuwa unashindana na nani? Bibi yuko Ujiji, haendi popote, na migebuka, wale samaki wa ziwani, ikipoa hupashwa moto.

Na wewe ni mtu wa Tabora! Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, miezi mizima njiani, na walipochoka walitua mzigo. Wewe una kama kilomita 400, tena kwa injini, unamnyima mtoto dakika tano za mbuzi.

Mwaka jana nilipita njia hiyohiyo na mjukuu wangu wa miaka minne. Kufika Malagarasi tukaegesha mbali na daraja, nikamshika mkono tukayatazama maji. Nikamwambia, haya nayo yanakwenda ziwani, kama sisi. Basi! Kuanzia hapo kilio kwisha. Kila kona: "Bibi, maji yametupita?" Uvinza nikamsimulia habari za chumvi inayotengenezwa pale, hakujali hata kidogo, alitaka kujua maji yamefika wapi. Ujiji akavua ndala, akaingia ziwani hadi vifundoni, akainama akachovya kidole. "Yamefika," akatangaza, kisha akadai maandazi.

Sasa, uliposimama mara tisa ulishuka garini hata mara moja? Au ulibaki kwenye usukani unatazama saa? Nahisi jibu nalijua.

Safari ijayo ondokeni alfajiri, mtoto bado ana usingizi. Ongeza saa mbili juu ya hesabu yako, na jua likizama mkiwa njiani, tafuteni gesti mlale. Mtoto akae nyuma kwenye kiti chake na mkanda, asipakatwe mbele hata akilia. Bebeni kopo lenye kifuniko, kanga mbili za kuukuu na nguo za kubadilisha, maana kutapika hakupigi hodi. Maziwa na vya mafuta mengi acheni nyumbani, ndizi inatosha. Porini pandisheni vioo: mbung'o hufuata kitu kinachokwenda, na nguo za buluu au nyeusi ndizo huwavuta zaidi, kwa hiyo ile fulana yako ya buluu iache kabatini.

Kwa mke usiende na hoja ya bei ya mafuta. Mwombe radhi, na mtoto pia, kwani ndiye aliyefokewa. Akishikilia treni, kata tiketi tatu. Reli hiyo ilifika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, na behewa halijawahi kumfokea mtoto aliyebanwa na mkojo.

Mkirudi, niletee mawese lita moja. Ya Kigoma kweli, si ya kuchanganya.