"Rasimu ya Marie Antoinette ya David": ni sahihi?

Msomaji kaniuliza hivi: "Mwalimu, kwenye kazi yangu ya historia ya sanaa nimeandika 'rasimu ya Marie Antoinette ya Jacques-Louis David', mwenzangu anasema haieleweki. Nani yuko sahihi?"

Mwenzako ana hoja. (David ni mchoraji wa Ufaransa, na Marie Antoinette alikuwa malkia wa nchi hiyo, aliyeuawa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.) Sarufi imekaa sawa, shida iko kwenye maana. Ukisema "mchoro wa Marie Antoinette" msomaji hajui kama yeye ndo kachora, au kachorwa, au mchoro ulikuwa mali yake, manake hiyo "wa" inabeba yote matatu, na ukizipanga mbili mfululizo ndo kabisa anapotea. Tumia kitenzi, kipo kwa kazi hiyo: "David alimchora Marie Antoinette", imeisha. Ukitaka neno mchoro libaki, sema "mchoro wa David unaomwonyesha Marie Antoinette". Ila usije ukaandika "mchoro alioumchora", hilo nakutana nalo sana na linaniuma, kitenzi cha Kiswahili kinabeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa, ama mchoro (aliouchora) ama mtu (alimchora), vyote viwili havikai pamoja.

Sasa rasimu. Kwa mazoea yetu rasimu inangoja kitu mbele yake, rasimu ya katiba inangoja katiba. Ule mchoro David aliuchora kwa kalamu na wino tarehe 16 Oktoba 1793, Paris, malkia akiwa anapelekwa kwenye gilotini, ile mashine ya kukata vichwa. Mistari michache mno: mwanamke kakaa wima, mikono imefungwa nyuma, kofia ya kitambaa kichwani, pembe za mdomo zimeshuka. Na mchoraji mwenyewe alikuwa mbunge aliyepiga kura mfalme auawe, mume wa huyo huyo mama! Haukufuatiwa na picha yoyote ya rangi, kwa hiyo si rasimu ya kitu, ni mchoro, na ukitaka kuonyesha ulivyochorwa sema "mchoro wa haraka".

Rasimu ingekaa vizuri kidogo kwa kazi nyingine ya David, Kiapo cha Uwanja wa Tenisi, inayoonyesha wawakilishi wa Ufaransa wakiapa 20 Juni 1789 kutotawanyika hadi nchi ipate katiba. David alionyesha mchoro wake wa wino mwaka 1791, akianza safari ya kuufanya picha kubwa ya rangi ya mafuta, lakini mapinduzi yakageuka, watu aliotaka kuwatukuza wengine wakaonekana wasaliti, Barnave, mmoja wa wawakilishi hao, ambaye kichwa chake kilishapakwa rangi, naye akauawa 1793, kazi ikaachwa njiani. Kwenye turubai hadi leo unaona miili imechorwa uchi ikisubiri kuvalishwa nguo. Hata hapo mi napendelea "mchoro wa maandalizi", manake ule wa wino umekamilika kila uso na kila mkono, ukisema rasimu unaushusha.

Kwenye kazi yako andika: "mchoro wa haraka wa David unaomwonyesha Marie Antoinette akipelekwa kuuawa".