Kuwinda koyote Iowa: "ingia tu" ya mkulima si ruhusa

Mkuu, habari ya bunduki iache kwanza. Umeuliza hapa kundini kuhusu kumwinda koyote, huyu mnyama wa Marekani wa jamii ya mbwa anayefanana na mbweha: ununue bunduki ya risasi gani, kifaa gani cha kuigiza sauti za wanyama, na kama usiku unalipa kuliko alfajiri. Halafu katikati ya maswali umepitisha sentensi moja kama vile haina uzito: "Jamaa anayelima lile shamba kaniambia ingia tu, hamna shida." Wachangiaji wote wameiruka wakakimbilia kubishana kuhusu darubini. Mimi nimeshindwa kuiruka.

Huyo jamaa anayelima, shamba ni lake?

Hapa Iowa, jimbo la wakulima katikati ya Marekani, zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo inalimwa kwa kukodi. Yule unayemwona juu ya kombaini mwezi wa kumi, anayekupungia mkono kwenye barabara ya kokoto, mara nyingi ni mpangaji. Mwenye ardhi ni bibi mjane anayeishi mjini, au ndugu watatu waliorithi na mmoja wao alishahamia Arizona. Karibu theluthi mbili ya ardhi ya kilimo jimboni iko mikononi mwa watu wa miaka 65 na zaidi, na wengi wao hawajashika usukani wa trekta siku nyingi. Mpangaji amekodi ili alime mahindi na soya. Haki ya kuwinda inategemea mkataba wake unasemaje, na wenye ardhi wengi hujibakizia haki hiyo kwa sababu ya kulungu. Kuna watu wanatoka Chicago na kwingineko wanalipa kila mwaka ili wawe peke yao na kulungu wa shamba fulani. Mkulima wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akakupa kitu ambacho si chake.

Mimi nilipewa hivyo hivyo. Jamaa wa kazini, mzaliwa wa huku, ndiye aliyeniambia kwamba koyote hana msimu, hana idadi, na hakuna mkulima atakayekukataza kumpiga. Viwili vya mwanzo ni kweli: Iowa koyote anawindwa mwaka mzima, bila kikomo, mradi una leseni. Cha tatu ndicho kilichonimaliza. Akanipeleka kwa rafiki yake mwenye ng'ombe, akaonyesha kwa kidole eneo lote kuanzia kwenye maghala ya bati hadi kijitoni, akasema, "Ingia tu." Mtu yule aligawa mashamba ya wenzake kama karanga! Nusu ya alichokionyesha alikuwa amekikodi kwa mtu mwingine, na ile sehemu ya kijitoni, penye miti na majani marefu wanamolala koyote mchana, ilikuwa imekodishwa kwa wawindaji wa kulungu ambao mimi sikuwahi kuwasikia.

Ilikuwa Januari, theluji imeshaganda juu kiasi kwamba kila hatua inalia. Niliegesha pikapu kando ya barabara, nikavuka seng'enge, nikakaa chini ya mti wa forosadi, upepo ukinipiga usoni kama inavyotakiwa, nikawasha sauti ya sungura aliyejeruhiwa. Kila kitu kilikuwa sawa kwa vitabu vyote vya uwindaji. Juu ya kichwa changu, kwenye shina la mti uleule, palikuwa na kamera ndogo iliyofungwa kwa mkanda, ya aina inayotuma picha kwenye simu. Picha yangu ilifika mji mwingine kabla koyote hajatokeza pua. Mwenye simu alichokiona ni mtu asiyemjua, mweusi, amevaa mavazi meupe ya theluji, ana bunduki mapajani, ndani ya eneo analolilipia. Alimpigia sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na mimi simlaumu.

Naibu sherifu hakuhitaji kunitafuta. Alifuata nyayo zangu kutoka kwenye pikapu hadi kwenye waya, kutoka kwenye waya hadi mtini, akaniita kwa mbali na mkono wake ukiwa mahali ambapo hutaki mkono wa askari uwe. Wewe una familia. Fikiria dakika hiyo kabla hujafikiria risasi za .223. Niliweka bunduki kwenye theluji taratibu, nikainua mikono, nikasema nina ruhusa. Akauliza, "Ya nani?" Nikataja jina. Akampigia yule mkulima palepale, simu ikiwa kwenye spika, na mkulima akaniruka. Akasema alinikubalia upande wa maghala tu. Kwa nini aliniruka nilikuja kuelewa baadaye: kwenye mkataba wake mwenye ardhi alikataza wazi asimwingize mtu yeyote kuwinda, na mikataba ya huku inaanza tarehe 1 Machi. Kukubali mbele ya askari kungemhatarishia shamba la msimu uliokuwa unakuja. Alichagua shamba lake, na leseni yangu halali kabisa ikawa haina msaada wowote.

Faini nililipa ikaisha. Kisichoisha ni jina. Asubuhi wazee wanakunywa kahawa kwenye ghala la ushirika, na habari inazunguka kitongoji kizima kabla ya saa nne. Mashamba ambayo wenyewe walikuwa wananikaribisha kwa mdomo wao, wakabadilika. Mama mmoja mfugaji wa kondoo, ambaye koyote walikuwa wanawala wana-kondoo wake kweli na mwenyewe aliniomba msaada, alinipigia akasema kwa upole kwamba mumewe hapendi tena. Huyo ndiye aliyeniuma. Na jamaa wa kazini aliyeanzisha yote? Aliniambia eti ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni tairi kupasuka. Kumtuma mgeni na bunduki kwenye ardhi ya mtu, ukijua yeye ndiye atakayesimama mbele ya askari na si wewe, ni uzembe, na nitaendelea kuuita uzembe.

Sisi tunatoka mahali ambapo mawazo ya ardhi ni mengine. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ameshika dhamana, na uwindaji una vitalu vyake. Kenya waliufunga tangu 1977. Kwa hiyo mtu akikuambia mnyama huyu hana msimu, unasikia kwamba njia iko wazi. Huku sheria ya mnyama na sheria ya ardhi ni vitu viwili. Mnyama yuko chini ya jimbo, lakini mahali unapokanyaga ni pa mtu, na asilimia 97 hivi ya Iowa ni ya watu binafsi.

Kwa hiyo hebu fanya hivi, nakuomba. Nenda ofisi ya kaunti ununue kile kitabu cha ramani za mashamba, wenyeji wanakiita plati, au fungua tovuti ya mthamini wa kaunti. Utaona nchi imekatwa miraba ya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila mmoja, na ndani ya kila kipande kuna jina. Jina hilo ndilo unalolitafuta. Nenda kwake mchana, siku ya Jumamosi, bila bunduki garini, ikiwezekana na mtoto au mkeo, ujitambulishe. Muulize kama haki ya kuwinda ni yake au ameikodisha. Akikubali, mwombe asaini karatasi yenye jina lako, namba ya gari, sehemu ya shamba na tarehe ya mwisho. Baada ya hapo ndipo umwone mpangaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua ng'ombe wako wapi na lini wanazaa. Karatasi inakaa mfukoni. Kila Machi inaandikwa upya, maana mpangaji anaweza kuwa mwingine.

Na usishangae ukikataliwa. Kuna wenye ardhi wanawataka koyote wabaki, kwa kuwa chakula chao kikubwa ni panya na sungura. Ni shamba lake, mshukuru uondoke. Jirani wa ng'ambo ya waya naye muone, kwa sababu koyote akisikia sauti ya sungura huzunguka kutafuta harufu upande upepo unakoelekea, na uzunguko huo unaweza kuwa kwa jirani. Ukimjeruhi akakimbilia kule, utafanyaje? Ukivuka mto kwenda Illinois, au ukishuka Missouri, rangi ya zambarau iliyopakwa mtini au kwenye nguzo maana yake ni marufuku kuingia, hata kama hakuna kibao.

Ukitaka kuanza bila kumwomba mtu, kuna mpango wa jimbo unaitwa IHAP: mashamba binafsi ambayo wenyewe wameyafungua kwa wawindaji kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, mipaka ina vibao, ramani iko kwenye tovuti ya idara ya maliasili. Jifunzie huko. Jambo jingine ambalo hukulisema: kama uko kwa viza ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho inakubana kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya muuza duka. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hahusiki na hilo.

Bunduki, .223 inatosha. Mengine tutaongea ukishapata karatasi. Uko kaunti gani? Andika hapa, na kama mkulima wako amekutajia jina la mwenye ardhi liandike pembeni kwako, ulilinganishe na plati kesho ofisi ikifunguliwa.